Kikombe kisicho na jina: Safari kati ya maabara ya Ruiru na mugumo wa Thika

*Mwanasayansi na muumini wote hupenda kuona wanachokitarajia. Mwandishi wetu alitumwa kuchunguza nani kati yao anajichunga zaidi, akaanza kwa kujifedhehesha mwenyewe.*

VIKOMBE vilikuwa vitano kwa kila kahawa, vimejipanga mezani kama askari wa gwaride, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina. Mbele ya kila safu kulikuwa na kikaratasi chenye namba tu: 417, 282, 903. Gramu nane na kitu za kahawa iliyosagwa ndani ya kila kikombe, maji yaliyokaribia kuchemka, kisha dakika nne za kungoja bila mtu kufungua kinywa.

Mwonjaji aliinama pua ikikaribia kugusa kikombe, akapasua ule utando wa juu kwa mgongo wa kijiko na kuvuta harufu. Halafu akaanza kufyonza kwa kishindo ambacho nyumbani kwetu kingekuletea kofi.

Nilipopewa kijiko nilikuwa tayari najiamini. Nimekulia kwenye shamba la kahawa Kiambu. Nimechuma, nimebeba gunia hadi kiwandani, nimepigwa na baridi kwenye foleni ya mizani. Nikaonja, nikarudia, nikatamka bila kusita: 903 ni SL28, ile ya wazee wetu, yenye uchachu mtamu unaobaki ulimini. Na 417, nikasema huku nimekunja uso kidogo, bila shaka ni Ruiru 11.

Akafungua daftari. Ilikuwa kinyume.

Hakuna aliyenichezea. Nilijidanganya peke yangu, tena kwa nia safi kabisa. Mhariri alikuwa amenituma kuandika juu ya uaminifu katika sayansi na katika imani, na mpango wangu ulikuwa kuanzia kanisani. Nikaamua kuanzia hapo mezani, Ruiru, na ulimi wangu mwenyewe.

Damu ya robusta

Ruiru 11 ilizaliwa katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ikakabidhiwa wakulima mwaka 1985. Ilizaliwa kutokana na msiba. Ugonjwa wa chulebuni, ambao mkulima wa Kiambu anaujua kwa herufi tu, CBD, ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulishuka mashambani kwa kishindo. Tunda bichi hupata doa jeusi, doa likatanuka, tunda likanywea na kuoza likiwa bado mtini.

Tangu hapo mkulima amekuwa mtumwa wa bomba la kupulizia dawa ya shaba. Kupambana na magonjwa kunaweza kumeza hadi asilimia 30 ya gharama zake za uzalishaji.

Watafiti wa Ruiru walianza kazi ya kuchanganya mbegu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hadi leo kila mbegu ya Ruiru 11 ni kazi ya mkono: ua la mti mama hukatwa viungo vya kiume kabla halijachanua, hufunikwa mfuko lisiguswe na chavua ya jirani, kisha hupakwa chavua ya mti baba uliochaguliwa. Miche ikawa haba, wakulima wakangoja miaka.

Lakini ugomvi mkubwa ulizuka kikombeni. Miongoni mwa mababu wa Ruiru 11 yumo mti uliogunduliwa kisiwani Timor, ambao asili yake ni arabika iliyochanganyika na robusta. Mnunuzi aliyezoea SL28 akisikia robusta, ulimi wake huanza kuitafuta kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ndivyo ulivyofanya wangu.

Watafiti walijibu kwa namba. Walipoonja kwa kuficha majina, walikuta kwamba Ruiru 11, ambayo kwa hakika ni jamii ya ndugu wengi waliotokana na wazazi tofauti, haina ladha moja. Ndugu wengine wanapwaya. Wengine wanakaa meza moja na SL28 bila aibu.

Kwa hiyo mnunuzi hakuwa mwongo na mtafiti hakuwa mwongo. Ila mmoja wao alikuwa amekubali kufunikwa macho.

> "Mnunuzi akisikia robusta, ulimi wake huanza kuitafuta kabla kikombe hakijafika mdomoni."

Wahenga walishasema kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Methali hiyo haimwiti mwamba ngoma mwizi. Inasema tu kwamba mkono una tabia ya kuvuta upande wa mwenyewe, na hata mwenye mkono huo huenda asijue.

Tasnia nzima ya kahawa imejaa mivuto ya namna hii. AA, zile herufi zinazotufanya tufure kifua mbele ya wageni, ni daraja la ukubwa wa punje. Ladha hupimwa kivyake. Na SL34, ndugu wa SL28, kwa miongo mingi iliandikwa kuwa imetokana na kahawa ya wamisionari wa Kifaransa, wale mapadri wa Roho Mtakatifu walioipanda Bura, milima ya Taita, mwaka 1893. Kahawa hiyo ya wamisionari ilihesabiwa kuwa ya ukoo wa Bourbon. Vipimo vya vinasaba vimekuja kuiweka SL34 katika ukoo mwingine, wa Typica. Hakuna aliyevuliwa kanzu wala kufutwa kazi. Maelezo yamerekebishwa, basi.

Mti uliofungwa chuma

Nilipanda matatu ya 237 kuelekea Thika, kilomita ishirini hivi mbele. Ukiketi dirishani kwenye barabara hii utahesabu mabango ya makanisa hadi uchoke: mkesha wa Ijumaa, krusedi ya siku tatu, nabii anakuja na maji ya upako. Katikati ya mabango hayo yamo ya vyuo vikuu, kliniki na maabara za kupima udongo. Wote wanakuomba uwaamini, tena kwa rangi zile zile nyekundu na njano.

Thika kuna Bustani ya Mugumo. Kwa Agikuyu, mti wa mugumo ni madhabahu. Chini yake wazee walitoa sadaka wakiwa wameuelekea Mlima Kenya, Kirinyaga. Kuhusu mugumo wa Thika, simulizi ni kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege, alisema utawala wa wageni ungekoma siku mti huo utakapoanguka. Wazungu waliposikia, inasimuliwa, waliuzungushia ukanda wa chuma na kuujengea usianguke. Mwaka 1963 radi ikaupiga, ukapasuka na kuanguka. Desemba 12 mwaka huo bendera ya Uingereza ikashushwa.

Nyanya yangu alinisimulia kisa hiki nikiwa mdogo, akipiga makofi mara moja penye radi. Sijawahi kuambiwa hadithi iliyokamilika kuliko hiyo, na ukamilifu wake ndio unaonitia wasiwasi nikiwa mtu mzima.

Mdadisi atauliza maswali ya kawaida. Kufikia 1963 nani hakujua kwamba uhuru unakuja? Mazungumzo ya Lancaster House yalikuwa yameshafanyika mwaka 1960 na 1962. Mti mkongwe, mrefu, uliosimama peke yake, hupigwa na radi. Na je, ni mikuyu na migumo mingapi imeanguka kote Mlima Kenya katika miaka ambayo hakuna kilichotokea? Hakuna anayeweka hesabu hiyo, kwa sababu mti ulioanguka bila tukio hauna msimulizi.

Lakini muumini naye ana hoja, na mdadisi mwaminifu hana ruhusa ya kuiruka: ule ukanda wa chuma. Ikiwa kweli mkoloni alihangaika kuufunga mti, basi utabiri ulikuwa midomoni mwa watu kabla ya radi. Haukutungwa baada ya sherehe za uhuru. Utabiri uliosemwa mapema una uzito ambao uliokumbukwa baadaye hauna. Swali linalobaki ni ulisemwa kwa maneno gani hasa, na mti ungebaki umesimama hadi 1970, wangapi wangekumbuka.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Mwaka 2010 kituo cha Ruiru kilitoa kahawa mpya, ndefu na inayozaa mapema, ikaitwa Batian. Jina ni la kilele cha Mlima Kenya, na kilele kilibatizwa hivyo na Mwingereza Halford Mackinder alipokipanda mwaka 1899, kwa heshima ya Mbatian, laiboni wa Wamaasai. Kwa hiyo mbegu iliyopimwa kwa kila kipimo cha maabara inatembea mashambani na jina la mtabiri.

Kijana chini ya mti usiohusika

Kuna mti mwingine wa imani ambao uliwahi kupimwa. Mwaka 1784 Paris ilikuwa imepagawa na daktari aitwaye Franz Mesmer, aliyedai kuponya kwa nguvu isiyoonekana ambayo ingeweza kupitishwa hata mtini. Mfalme Louis wa 16 akaunda jopo; ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier.

Mwanafunzi wa Mesmer aliuwekea nguvu hizo mti mmoja wa aprikoti katika bustani ya Franklin, kule Passy. Kisha akaletwa kijana wa miaka 12 aliyejulikana kuzihisi haraka, akafungwa macho na kupelekwa mti hadi mti. Kwenye wa kwanza akatokwa jasho. Kwenye wa nne akazimia. Mti wenyewe uliotiwa nguvu hakuwa ameufikia.

Kijana hakuigiza. Alizimia kweli. Yule mwanafunzi wa Mesmer, alipoulizwa, alisema miti yote ina nguvu hizo kwa asili yake. Jibu la namna hiyo halishindwi na kitu, na mimi ningekuwa makini na yeyote anayelitoa, awe amevaa joho la kuhubiria au koti jeupe la maabara.

Kitambaa kile cha macho ndicho kilekile kikaratasi cha namba 417.

Tiba iliyotangazwa mapema mno

Watu wa maabara wasianze kucheka. Julai 1990 Rais Daniel arap Moi aliutangazia ulimwengu Kemron, dawa ya Ukimwi kutoka Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, iliyokuwa chini ya Dkt Davy Koech. Ilikuwa interferoni alfa kwa kipimo kidogo sana, ya kumung'unywa mdomoni. Wagonjwa waliripotiwa kurejewa na hamu ya kula na kuongeza uzito.

Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha: wagonjwa waliopewa kidonge kitupu bila wao wala daktari kujua. Kundi hilo lilipopatikana, katika majaribio yaliyofuata nje ya Kenya, likiwemo moja kubwa la Uganda, tofauti ilitoweka.

Nani alidanganya? Sidhani ni swali zuri. Weka mbele yako mgonjwa wa Thika wa mwaka 1990, mwili umekwisha, hakuna dawa ya virusi inayomfikia, na daktari anayemtakia mema akimpima uzito kila wiki. Weka taifa ambalo halijawahi kusifiwa kwa tiba. Kila mtu chumbani anavuta ngozi upande mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Hata baada ya matokeo ya Uganda kufahamika, Kemron ilibaki na watetezi wake ng'ambo. Huko Washington kliniki iliyohusishwa na Nation of Islam iliishikilia kama tiba ya Mwafrika ambayo wengine hawataki ifahamike.

> "Kila mtu chumbani anavuta ngozi upande mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya."

Sayansi ilipata dawa ya maradhi haya ya kuvuta ngozi, ingawa si kamili. Tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba hukataa kuchapisha jaribio ambalo halikusajiliwa hadharani kabla ya kuanza, likieleza litapima nini. Kwa lugha ya Thika: andika utabiri wako kabla mti haujaanguka.

Shilingi 310

Novemba 2014 runinga ya KTN ilionyesha yaliyokuwa yakifanyika nyuma ya pazia katika kanisa la Mchungaji Victor Kanyari. Waumini waliombwa kupanda mbegu ya Sh310. Miguu ikaoshwa, maji yakageuka mekundu kama damu, ishara kwamba uchafu wa kiroho umetoka. Kilichoyageuza, kipindi kilionyesha, ni pamanganeti ya potasiamu, dawa ya madukani ambayo chembe chache tu hupaka rangi beseni zima.

Huu ni udanganyifu wa aina nyingine. Hapa mwenye beseni anajua. Ila aliyenigusa zaidi ni yule anayeoshwa. Hata baada ya kipindi kile, kiti cha mhubiri hakikukosa watu mbele yake.

Sababu moja naijua kwa kukaa kwenye mikesha ya barabara hii. Ushuhuda hutolewa na aliyepona. Anakuja mbele, anapewa kipaza sauti, kanisa linalipuka kwa shangwe. Aliyeombewa kisha akafa hana zamu ya kushuhudia, na familia yake imehamia kanisa jingine au imenyamaza. Ukiketi pale kila Jumapili kwa miaka kumi utakuwa umeona kwa macho yako mamia ya waliopona na hakuna hata mmoja aliyekosa kupona. Hutakuwa umedanganywa na mtu, na bado utakuwa umepotoka.

Serikali ilijaribu kuingilia. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na mapema 2016 zikaletwa kanuni za kutaka wahubiri wawe na mafunzo. Viongozi wa dini walipinga kwa sauti moja, wakisema wito hautolewi na ofisi ya msajili, na Rais Uhuru Kenyatta akaziondoa. Miaka saba baadaye, Aprili 2023, makaburi ya Shakahola yakafunuliwa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Jopo la Rais William Ruto, likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, likarudi kwenye swali lile lile la nani amchunge mchungaji.

Binafsi siamini sana kwamba cheti kingetosha. Chuo kinaweza kukufundisha Kigiriki cha Agano Jipya na bado usijue namna ya kuhesabu wasiopona. Lakini anayesema kanisa halipaswi kukaguliwa kabisa atuambie kwanza angefanya nini na Shakahola.

Gideoni na wakili wa shetani

Kuna watu wa Ruiru watakaosoma hadi hapa na kusema mwandishi ameegemea maabara. Wana haki ya kushuku. Basi nifungue Biblia. Danieli aliomba siku kumi: yeye na wenzake wale mboga, wengine wale chakula cha mfalme, kisha nyuso zao zilinganishwe. Gideoni aliomba ngozi ya kondoo ilowe na ardhi ikauke, na alipopata, akaomba kinyume chake usiku wa pili, asije akawa amebahatisha. Sijui jopo la chuo kikuu lingemlaumu kwa lipi.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walijenga elimu nzima ya kupima hadithi za Mtume kwa kuchunguza mnyororo wa wasimulizi: nani alisikia kwa nani, je, walikutana, kumbukumbu yake ilikuwa imara. Mtu mchamungu angeweza kukataliwa kama msimulizi kwa kuwa tu kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu. Wakatoliki waliwahi kuwa na ofisa kamili, wakili wa shetani, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kila sababu ya kumnyima mtu utakatifu. Lourdes, Ufaransa, maelfu wamedai kuponywa tangu karne ya 19. Kanisa limekubali sabini na kitu.

Hata Nyaatha, Sista Irene Stefani aliyetumikia Gikondi, hakutangazwa mwenyeheri kule Nyeri, Mei 2015, kwa sababu tu wazee walimpenda. Uchunguzi ulipelekwa mbali, Nipepe, Msumbiji, ambako mwaka 1989 watu waliojificha kanisani wakati wa vita walisema maji ya kisima cha ubatizo yaliwatosha kwa siku kadhaa. Unaweza kuukataa muujiza huo. Huwezi kusema hakuna aliyeuliza maswali.

Kwa hiyo dini ina vitambaa vyake vya macho. Vingi vimekunjwa kabatini. Krusedi ya siku tatu haina nafasi ya usiku wa pili wa Gideoni.

Na sayansi yetu nayo ina makabati. Kati ya Thika, Juja na Ruiru kuna vijana werevu, wengine waliomaliza shahada wakakosa ajira, wanaokesha wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia, na filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, imewaonyesha. Huko pia jina hufichwa, ila linafichwa ili mwingine alipandikize lake. Nimewahi kuketi kanisani karibu na mmoja wao. Mahubiri ya siku hiyo yalikuwa juu ya ushuhuda wa uongo, na alisema amina kwa sauti kuliko mimi.

Kadi ishirini

Baada ya aibu ya Ruiru nilinunua paketi mbili, SL28 tupu na Ruiru 11 tupu, nikampa mke wangu kadi ishirini azichanganye. Kila asubuhi anavuta kadi, anatayarisha kahawa jikoni mlango ukiwa umefungwa, ananiletea kikombe bila kusema neno. Mimi naandika jibu kwenye daftari kabla ya kuuliza. Yeye ana daftari lake.

Kufikia juzi nilikuwa nimepata saba kati ya kumi na mbili. Mke wangu anasema hiyo ni bahati, sarafu ingepata hivyo. Mimi nahisi ulimi umeanza kushika, hasa wiki hii ya pili, na nina maelezo mazuri sana ya tatu kati ya zile tano nilizokosa: mbili nilikuwa na mafua, moja maji hayakuchemka vizuri.

Kadi zimebaki nane.